Moto Usiochemsha Maji

Tõravere, Februari. Theluji imefika kingo za dirisha
na mimi nahesabu.
Darubini iko juu kabisa, nje ya hewa yetu,
maana eksirei za mbinguni hazipenyi blanketi hili la dunia.
Saa arobaini ilikodoa upande wa Mashuke,
ikiitazama galaksi moja jirani, nzee, ya duara,
iliyoacha kuzaa nyota.

Saa kumi na nne nimezitupa.
Jua lilikohoa, chembe zake zikamwagikia kioo,
mstari wa grafu ukaruka kama mwizi aliyeona ukuta mfupi.
Helgi, wa meza ya pili, hakuinua hata kichwa:
"Kata."
Nikakata. Iliniuma kama kumwaga unga.

Zimebaki fotoni elfu tatu mia moja na kumi na mbili.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini kibaba changu kina tundu:
nyingine ni kelele za chombo chenyewe,
nyingine zimetoka nyuma, mbali sana, wapita njia tu.
Nazishika moja moja, nauliza:
wewe, umekuja na nguvu kiasi gani?
Na katika majibu nasikia oksijeni, silikoni, chuma,
majivu ya nyota zilizopasuka
kabla hapajawa na mtu wa kuwasha kiberiti.

Jumamosi niko Elva, kwa baba.
Taavet, fundi wa majiko ya matofali miaka arobaini na mmoja,
sasa anajenga moja tu, la sauna yake, na kulibomoa, na kulijenga.
Tumekaa uchi wa jasho na taulo, mawe yanalia.
"Hiyo hewa yako ina digrii ngapi?"
"Milioni nane."
Upawa ukasimama hewani.
"Ingechemsha ndoo hii?"
"Hapana. Ungegandia humo humo."

Nikamweleza: ndani ya ndoo yako, kule,
pangekuwa na chembe mia, labda,
kila moja ikikimbia kichaa bila jirani wa kugusa.
Joto ni mbio, baba. Kupasha ni umati.

Alinyamaza kwa muda wa kuni moja kuungua.
"Jiko lisilo na matofali. Na nani anachochea?"
Nikamwambia kuhusu shimo jeusi la katikati,
linavyokula na kubeua,
linavyopuliza viputo vipana kuliko njia ya mwanga wa miaka elfu kumi,
gesi isipoe, na isipopoa haianguki,
na isipoanguka hakuna nyota mpya.
"Kwa hiyo moto ndio unaozuia uzazi."
"Ndiyo."
Akamwaga maji. Mvuke ukatufuta sote wawili.
Kutoka ndani yake sauti ikasema:
"Jiko baya si lile linalozimika.
Ni lile lisilojua kupoa."
Kisha akakohoa, kikohozi kirefu, cha vumbi.

Jumatatu, Tartu. Daktari Pihlak ameibandika picha ya kifua kwenye taa.
Kwenye picha zangu palipo peusi hapana kitu.
Hapa, anasema, palipo peusi ndipo pumzi ilipo,
tuogope huku, kwenye weupe.
Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu madoa.
Baba alikuwa anachungulia taa, akitafuta jinsi ilivyofungwa.

Usiku nimerudi kwenye skrini.
Rangi ya buluu tuliipaka sisi; jicho lisingeona lolote.
Upande wa mashariki pana bonde,
fotoni kumi na moja pungufu ya nilizotarajia.
Kiputo, nasema mimi. Bahati mbaya ya hesabu, asema Helgi,
na huenda ni kweli.

Naandika ombi: saa sitini zaidi.
Fomu inataka sababu, kwa maneno mia mbili.
Nimeandika mgandamizo, halijoto, kingo za kiputo.
Sentensi ya mwisho nimeifuta mara mbili.
Ilikuwa na tofali ndani yake.